Chungu wa Laikipia na Kesha ya Ijumaa

Mithali 6 inatutuma kwa chungu, nasi wahubiri tukifika hapo tunahubiri uvivu tu. Leo tazama aina mbili za chungu walioko hapa kwetu, Laikipia.

Wa kwanza ni wenyeji. Wanaishi ndani ya miiba iliyovimba ya mgunga na kulamba utomvu mtamu ambao mti wenyewe unawatolea. Ndovu akinyoosha mkonga avunje tawi, wanatoka kwa wingi na kumuuma mkongani mpaka auache mti huo. Hebu fikiria, ndovu!

Wa pili ni wageni, wenye vichwa vikubwa. Wameingia katika miongo hii ya karibuni. Wanawaua wenyeji, pamoja na mayai na watoto wao, na kumiliki mahali. Lakini mti hawaulindi. Walikoenea, ndovu wanavunja migunga mara tano hadi saba zaidi. Miti ikipungua, simba anakosa pa kuvizia. Utafiti uliochapishwa 2024 ulionyesha kwamba mwaka 2003 punda milia walikuwa asilimia 67 ya mawindo ya simba. Kufikia 2020 walikuwa 42. Sasa simba anapambana na nyati, mnyama anayeweza kumuua yeye mwenyewe. Chanzo ni chungu!

Wapendwa, jambo hili limenihukumu. Kesha yetu ya Ijumaa ilikuwa imebaki na kina mama saba. Mimi ndiye niliyeifunga, nikaweka jioni ya sifa, vyombo vikubwa, vijana kibao. Nilihesabu vichwa nikafurahi. Kumbe wale mama walijua kwa jina nani hajaonekana ibadani, na Jumamosi walikuwa wanampigia simu. Kijana wetu mmoja alizama kwenye kamari miezi mitatu. Mimi mchungaji wake nilipata habari kutoka kwa landilodi aliyekuja kanisani kudai kodi.

Sipingi umati, siku ya Pentekoste waliongezeka watu kama elfu tatu. Lakini umati wangu haukuwa na mtu wa kuuma mkonga wa ndovu, na waliokuwa wakiuma niliwarudisha nyumbani kwa sababu walikuwa wachache.

Kesha inarudi Ijumaa hii, saa tatu usiku. Nimewapigia wale mama na kuwaomba msamaha. Mmoja simu yake ni mteja tangu jana. Anayeishi karibu naye, tafadhali mpitie umwambie.