Vidonge vya Damu Havitaki Chai

Leo nina neno juu ya vidonge vya damu, vile vya madini ya chuma na foliki asidi tunavyopewa kliniki tukiwa wajawazito. Wanaokuja kwangu kupanuliwa magauni wengi wana mimba, na lalamiko ni moja: "Nameza kila siku, damu haipandi." Ukimuuliza anamezea nini, utasikia chai.

Basi hapo ndipo vinapopotea. Chai, iwe ya rangi au ya maziwa, na kahawa pia, zina vitu vinavyoshikana na chuma tumboni, kikapita bila kuingia mwilini. Maziwa nayo yanazuia kwa kalsiamu yake. Kidonge kitangulie chai kwa saa moja, au kisubiri saa mbili baada yake. Meza kwa maji uliyokamulia ndimu, au kula chungwa au pera, maana vitamini C husaidia chuma kuingia. Tumbo tupu ndilo bora. Kikikutia kichefuchefu, kula kidogo kwanza, au meza wakati wa kulala. Choo kuwa cheusi ni kawaida yake.

Ramadhani wapo wanaoacha kabisa, kwa kuwa futari ina chai na daku ina chai. Kwa anayefunga, mimi naona wakati mzuri ni baada ya tarawehe, kabla ya kulala. (Mjamzito aliyeambiwa na daktari asifunge, rukhsa anayo.)

Vitamini A, D, E na K ni kinyume: zinataka mafuta. Zimeze na mlo, hata mchuzi wa nazi unatosha. Kidonge cha kalsiamu kikae mbali na cha chuma kwa saa mbili.

Sipendi tunavyokimbilia chupa za bei kubwa za mitandaoni, na vya kliniki tunavimwagia chai. Na manesi wetu, kwa heshima, "kimoja kwa siku" haitoshi. Tuambieni na saa, na cha kumezea.

Ukifanya hivi na damu bado iko chini, rudi ukapimwe, usijiongezee vidonge. Huenda ni minyoo au malaria. Na pakiti usiiache juu ya meza ya cherehani: vidonge vya chuma vikimezwa vingi na mtoto mdogo vinaweza kumuua.