Limenuna tu, halijafa!

Wewe wa daladala usifungue ukurasa mwingine, maana ya leo yanamhusu hata asiye na baiskeli.

Majuzi mshkaji mmoja wa pande za Upanga alinifuata kaloa kama kifaranga cha masika. Baba yake alifariki mwaka jana akamwachia Datsun 240Z ya mwaka 1972, rangi ya chungwa. Mzee alilipenda gari hilo hadi mkewe akawa analiita mke mwenza. Sasa limegoma kuwaka, na Jumamosi dada mtu anaolewa. Gari lina viti viwili tu, kwa hiyo mama kapanga kila kitu: kaka nyuma ya usukani, bibi harusi pembeni. Marehemu aliahidi binti yake atatoka nyumbani ndani ya gari hilo, na mama hataki kusikia habari za Noah ya kukodi.

"Fundi kaniambia injini imekufa," akasema jamaa. "Kanionea huruma, atalichukua kama chuma chakavu, anipe hela ya suti."

Lo! Chuma chakavu? Mwanangu, kaa chini kwanza.

Hilo si gari la kupimwa kwa kilo. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda East African Safari Rally wakiwa ndani ya 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda na la aina hiyo hiyo. Na Januari 2020, huko Marekani, 240Z moja ya mwaka 1971 iliuzwa kwenye mnada wa mtandaoni kwa dola 310,000! Ile ilikuwa imetunzwa kama yai, sisemi ya Upanga inafika huko. Lakini anayekupa hela ya suti kwa gari kama hilo, ama hajui, ama anajua sana.

Nikamuuliza ameshatumia nini. Betri mpya, koili mpya, plagi sita mpya. Vyote kwa ushauri wa fundi huyo huyo, na gari bado limenuna. Hapo ndipo wengi tunapoingizwa mjini: tunanunua vipuri kabla ya kujua ugonjwa. Ni sawa na kumeza dawa zote za duka ili upate moja ya kichwa.

Basi sikiliza. Magari ya siku hizi fundi anachomeka mashine, inamsomea kosa. Gari la 1972 halina pa kuchomeka kitu. Lenyewe linaulizwa, na maswali yake ni matatu, kwa mpangilio.

Swali la kwanza: umeme wa kuzungusha injini upo? Washa taa kubwa, kisha piga stata. Taa zikififia hadi kuzima, shuku betri au vichwa vyake. Ukisikia tik-tik-tik ya harakaharaka, ni hivyo hivyo. Ukisikia "tak" moja tu na taa zinawaka vizuri, mtazame stata mwenyewe. Kimya kabisa? Fuata swichi na waya. Ukiwa na mita, betri iliyojaa na kupumzika inasoma kama volti 12.6. Ule unga mweupe wa kijani kwenye vichwa vya betri unaoshwa kwa maji ya moto na magadi. Anza kufungua hasi, na wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho.

Swali la pili: cheche ipo? Chomoa waya wa plagi moja, uchomeke kwenye plagi ya akiba, ilaze juu ya chuma cha injini mbali na kabureta, uishike kwa plaizi yenye mpini wa mpira. Mwenzio apige stata. Cheche ya buluu inayolia "ta! ta!" ni nzuri. Ya njano iliyokonda ni mgonjwa. Hakuna kitu? Fungua kifuniko cha distributa. Humo kuna pointi, na gari likilala miezi mingi pointi hushika kutu. Zipitishie msasa laini, futa vumbi, kisha zipime zikifunguka zaidi: nafasi iwe kama nusu milimita. Kagua kifuniko kama kina ufa au unyevu, maana hewa yetu ya Pwani haina adabu. Na waya za plagi ukizichomoa zote kwa mkupuo, utajuta. Mpangilio wa kuwaka wa injini hii ni 1-5-3-6-2-4. Ukikosea hapo, itapiga mabomu tu.

Swali la tatu: petroli inafika? Pampu ya 240Z haitumii umeme, inasukumwa na kemshafti, hivyo haivuti mpaka injini izunguke. Chomoa ule waya mwembamba unaopeleka umeme kwenye koili ili pasitoke cheche, vua paipu inayoingia kwenye kabureta, uielekeze kwenye chupa, piga stata. Ikiruka vizuri, pampu haina kesi. Isiporuka, tazama filta, paipu zilizopasuka na kutu ya tenki. Petroli iliyolala mwaka mzima hugeuka gundi, mwaga weka mpya. Ikifika kabureta na bado plagi ni kavu, gonga polepole kibakuli cha kabureta kwa mpini wa bisibisi, sindano ya ndani huwa inanata. Plagi zikiwa zimelowa, umezidisha choki. Zikaushe, rudisha choki, kanyaga mafuta hadi chini, piga stata sekunde kumi tu, halafu upumzike. Mimi mwenyewe niliwahi kuchoma stata kwa kung'ang'ania dakika nzima, siku ile nilirudi nyumbani kwa miguu.

Na tafadhali, hapo sigara marufuku! Weka kizima moto karibu. Gari litengenezwe, usije ukatengenezwa wewe.

Ukipata majibu mazuri kwa yote matatu na bado kimya, ndipo uanze kuongea kompresheni na injini kufa. Sio kabla.

Turudi Upanga. Umeme, safi. Cheche, ya buluu. Petroli, inaruka. Nikarudisha kila kitu, nikapiga stata. Vruum! Ikashika! Nikaachia ufunguo, ikazima. Mara ya pili, hivyo hivyo. Inashika nikiwa nimeshikilia ufunguo, inazima nikiuachia.

Nikacheka peke yangu. Gari lilikuwa linajieleza kwa Kiswahili fasaha!

Iko hivi. Unapopiga stata, koili inapewa umeme wa betri moja kwa moja ili cheche iwe kali. Ukiachia ufunguo, umeme unapita njia nyingine, kwenye kidude cheupe kama kipande cha kigae kilichofungwa karibu na koili. Hiyo ni rezista, kazi yake ni kupunguza makali ili koili na pointi zisiungue. Ikikatika, injini inawaka wakati wa stata tu, basi. Nikaweka mita, ufunguo ukiwa umewashwa: upande mmoja karibu volti 12, upande wa pili sifuri. Mwizi kakamatwa. Akapata nyingine Kariakoo, bei haifiki robo ya ile betri.

Kuna wajanja wanaounganisha waya tupu kuipita hiyo rezista. Kwa dakika mbili za kupima, sawa. Ukiuacha, utanunua pointi na koili kila kukicha.

Tulipoifunga na kuachia ufunguo, injini ikaendelea. Silinda sita, kabureta mbili, mlio kama wa zamani. Mama mtu alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. Hakusema kitu. Akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akarudi kwenye sufuria yake. Mshkaji akajifanya anatafuta spana chini ya gari.

Jumamosi bibi harusi alitoka nyumbani kama alivyoahidiwa. Lakini subirini, mchezo haukuisha! Baada ya picha, saa nane jua la utosi, gari likagoma tena. Upande wa bwana harusi wakaanza kuangua vicheko. Mshkaji hakupaniki. Kwenye injini hii kabureta zimekaa juu ya mabomba ya moshi, hivyo ukisimama juani petroli inachemka na kuleta mvuke. Akafungua boneti, akasubiri kama robo saa, bibi harusi kakaa ndani anajipepea kwa kadi ya mwaliko. Akapiga stata. Vruum! Vicheko vikageuka vigelegele.

Na yule fundi? Sitaki kumwita tapeli. Huenda kazoea mashine, gari la zamani likamshinda akaona aibu kusema. Mafundi wazuri wapo wengi, na utawajua kwa jambo moja: wanapima kwanza, ndipo wanakutuma dukani. Anayeanza na "lete hela ya koili" muulize kwa upole, "Fundi, umepima?" Akinuna, ondoka na gari lako, hata kwa kulisukuma.

Tukutane wiki ijayo. Na wewe unayesoma kwa kuchungulia, nunua la kwako bwana!