Wakfu hupimwa kwa matunda yake, si kwa wingi wa viwanja

Hivi majuzi nilikuwa Kericho. Baada ya sala ya adhuhuri nikakaa kunywa chai na mzee mmoja Mkipsigis aliyesilimu zamani. Akaniuliza: "Mwanangu, nyinyi wa Pwani nasikia mna wakfu nyingi, majumba na mashamba. Mbona watoto wenu wanarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo?" Nilianza kumtajia mali tulizo nazo. Akanikata: "Sikuulizi mnacho nini. Nauliza kimemfikia nani."

Mzee huyu ana sababu ya kuuliza hivyo. Mwaka 2007 shamba la chai la Unilever hapo Kericho lilipata cheti cha Rainforest Alliance, na pakiti za chai zikabandikwa alama yake. Lakini Februari 2023 BBC ilitangaza kwamba zaidi ya wanawake 70 walisema walidhulumiwa kingono na wasimamizi wao katika mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na Unilever na James Finlay. Wakaguzi walikuwa wakipita na ripoti zikiandikwa. Ukweli ulitoka pale mtu alipokaa na wachumaji chai wenyewe akawasikiliza.

Mwaka huohuo Finlay ilikubali kuuza mashamba yake kwa Browns ya Sri Lanka, na katika mpango huo asilimia 15 ya hisa ziende kwa ushirika wa wenyeji. Wenyeji wa Kericho na Bomet sasa wana haki ya kuuliza swali la mzee: asilimia hiyo itabadilisha nini katika nyumba ya mchumaji?

Nasi Pwani tujiulize hivyohivyo. Sayyidna Umar alipopata shamba Khaybar, Mtume (SAW) alimwelekeza azuie shina la mali na atoe matunda yake sadaka. Hilo ndilo shina la wakfu. Sisi tumekuwa hodari wa kuzuia shina, tunahesabu hati na viwanja, lakini matunda hatuyahesabu.

Chukua mfano wa duka la wakfu linalokodishwa kwa Sh5,000 kwa mwezi, ilhali duka la jirani ni Sh20,000. Kwenye vitabu wakfu uko salama, na kodi inalipwa. Lakini Sh180,000 kwa mwaka zinabaki kwa mpangaji, wala si kwa yatima aliyekusudiwa. Fedha hizo zingelipia wanafunzi watatu wa shule ya bweni.

Sheria ya Wakfu ya mwaka 2022 ilichukua nafasi ya ile ya mkoloni ya mwaka 1951. Ni hatua njema, na hesabu za fedha ni lazima zikaguliwe. Hata hivyo, mkaguzi wa fedha atakuambia shilingi imekwenda wapi. Hatakuambia kama mjane aliyeandikiwa msaada aliupata kwa heshima, au alizungushwa miezi mitatu.

Kwa hivyo kila msimamizi wa wakfu atujibu maswali matatu kila mwaka, hadharani, msikitini baada ya Ijumaa. Kwanza, mwenye kuweka wakfu alisema nani afaidike? Pili, mwaka huu wamefaidika wangapi, na hali yao ilikuwaje kabla? Tatu, nani aliyewauliza? Hili la tatu ndilo zito, kwani mchumaji hatamshitaki msimamizi wake mbele yake, na mjane hatamlalamikia anayeshika daftari la majina. Aulizwe na mtu mwingine, na wakina mama waulizwe na wakina mama wenzao.

Wapo watakaosema huku ni kuwatilia shaka watu wa dini. Sivyo. Wakfu ni amana, na mwenye kuuweka yuko kaburini akingojea thawabu zake. Tukimkatia matunda yake, tumemdhulumu yeye na yatima kwa pamoja.

Wallahu a'lam.