Walimu, wapelekeni wanafunzi wausikie upepo wa kusi

Wahenga walinena kwamba mkaa bure si sawa na mtembea bure. Nimeukariri msemo huu mbele ya wanafunzi wangu kwa miaka mingi, lakini nakiri kwamba sikuuelewa barabara hadi Agosti 2024, nilipokaa juma zima mjini Malindi pamoja na mke wangu, watoto wetu watatu na mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa katika kidato cha pili huku kwetu Salama, Makueni.

Hatukusafiri kifahari. Ndugu yangu alikuwa na matatu kuukuu iliyokwisha kuacha kubeba abiria. Tuliing'oa viti, tukatandika magodoro, tukapakia jiko, sufuria na turubai, kisha tukaifuata barabara kuu iendayo Mombasa. Salama ni mji wa barabara hiyo. Watu wa kwetu huyaona malori yakiteremka pwani usiku na mchana, lakini wengi wao hawajapata kuiona bahari yenyewe. Mpwa wangu alikuwa mmoja wao.

Huko Malindi mzee mmoja mvuvi alitukubalia, kwa malipo madogo, kuliegesha gari uani kwake. Usiku wa kwanza upepo uliling'oa turubai ukalitupa uani kwa jirani. Asubuhi tulikunywa uji wenye mchanga. Siku ya pili upepo ulizidi, na ya tatu ikawa vivyo hivyo. Watoto walichoka kufungiwa garini. Jioni hiyo mke wangu alishauri turudi nyumbani, nami kimoyomoyo nilikuwa nimekwisha kukubali.

Kilichotuzuia ni swali la kijana. Alimwuliza mwenyeji wetu, "Babu, mbona na leo hamwendi baharini?" Mzee akamjibu kwamba huo ulikuwa msimu wa kusi, na upepo wa kusi ukikaza, vyombo vidogo haviuvuki mwamba. Kijana akashangaa. "Kusi? Kwani kusini si upande wa ramani?" Mzee akacheka, kisha akanigeukia mimi. "Mwalimu, kijana wako hamkumfundisha?"

Swali lile lilinichoma. Kwa miaka mingi nimeandika ubaoni kwamba kusini ni neno kusi lililotiwa kiambishi tamati -ni cha mahali, na kwamba kaskazini limeundwa vivyo hivyo kutokana na kaskazi. Nilieleza pia kwamba mashariki na magharibi ni maneno yenye asili ya Kiarabu yanayotokana na kuchomoza na kutua kwa jua. Yote hayo ni sahihi. Lakini sikuwahi kumweleza mwanafunzi kwamba watu walioyaunda maneno mawili ya kwanza walikuwa wakitaja pepo mbili zilizotawala maisha yao: kaskazi ivumayo takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi ivumayo takriban kuanzia Aprili hadi Septemba. Nilifundisha kiambishi, nikausahau upepo.

Tulibaki. Kila jioni mzee aliketi nasi kwenye kivuli cha gari akatufundisha. Nilipojaribu kueleza demani kama kamusi zielezavyo, yaani kipindi cha mwisho wa kusi, alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema kwamba mvuvi hahesabu miezi tu. Huitazama bahari ikianza kutulia, akajua demani imefika. Alitutajia maleleji, wakati pepo zinapobadilishana zamu, na umande, upepo mwanana utokao bara alfajiri. Mpwa wangu aliyaandika yote daftarini bila kuamrishwa na mtu.

Siku ya tano tuliizuru nguzo ya Vasco da Gama. Niliwaambia watoto kwamba Mreno yule aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 pamoja na rubani aliyeijua njia, akafika Calicut nchini India tarehe 20 Mei. Aliporudi, hakuungoja msimu. Alitoka Calicut mwishoni mwa Agosti na hakuingia Malindi hadi Januari 1499, mabaharia wake wengi wakiwa wamekufa kwa maradhi njiani. Kijana aliyekuwa ameushikilia mkebe wake wa maji usipeperushwe hakuhitaji maelezo zaidi.

Siku iliyofuata tulikwenda kaskazini mwa mji hadi mahali mto Sabaki unapoingia baharini. Maji yake ni mekundu kwa udongo. Mto huo ni ule ule Athi unaopita kati ya Makueni na Kitui, ukibadilisha jina njiani. Udongo wa Ukambani ulikuwa umetutangulia baharini! Na si udongo tu. Katika karne ya 19, misafara ya Wakamba iliteremsha pembe za ndovu hadi Mombasa, na Kivoi wa Kitui alikuwa miongoni mwa viongozi wake mashuhuri. Ludwig Krapf, ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, alifika kwa Kivoi mwaka 1849. Hapana shaka biashara ile isingewezekana bila lugha ya kuelewana. Kwa hivyo mtoto wa Salama asione haya kwa lafudhi yake, wala asidhani kwamba Kiswahili ni mali ya wengine aliyoazimwa kwa ajili ya mtihani. Jina lenyewe la mji wake ni neno la Kiswahili.

Sasa nije kwenye kiini cha makala haya. Shule zilipofunguliwa, mpwa wangu aliandika insha kuhusu safari ile. Palipoandikwa "upepo wa kusi", mwalimu alipiga mstari mwekundu, akasahihisha: "upepo wa kusini". Simlaumu mwalimu huyo hata kidogo. Yamkini alifundishwa na watu kama mimi. Nami nakumbuka safari ya shule yangu miaka ya tisini: tulifika Mombasa usiku, tukaoneshwa Fort Jesus asubuhi, tukaogelea kwa saa mbili, tukalala njia nzima ya kurudi. Insha niliyoandika baadaye ilijaa mawimbi na minazi niliyoitoa vitabuni, nayo ikapata alama za juu. Insha ya uongo ilisifiwa. Ya kweli imepigwa mstari. Je, tunafundisha lugha au tunafundisha kunakili?

Ninapendekeza hivi. Shule iendayo pwani isikimbilie kuona miji mitatu kwa siku mbili. Ikae mahali pamoja kwa juma moja, wakati wa likizo, hata kama ni msimu wa kusi. Wanafunzi walale katika madarasa ya shule mwenyeji, wajipikie, wazungumze na wavuvi, waunda mashua na wauza mahamri. Mwaka ufuatao wenyeji wao waje Ukambani, waone jinsi maji yanavyohifadhiwa katika mabwawa ya mchanga na wajifunze maneno ya nchi kavu. Mtaala wa umilisi unahimiza mtoto ajifunze kwa kutenda. Basi na atende.

Najua wako watakaosema kwamba wazazi wetu hawana fedha, hasa mvua inapokosekana. Ni kweli, na mwanafunzi asifukuzwe darasani kwa sababu ya ada ya safari. Lakini shule nyingi tayari hutoza fedha kwa safari za siku mbili zenye hoteli na picha nyingi. Kwa fedha hizo hizo, au zaidi kidogo, juma la magodoro na sufuria linawezekana. Na pale lisipowezekana kabisa, mwalimu na amwalike mzee wa pwani anayeishi karibu, aje darasani aulizwe maswali.

Tangu safari ile nimebadilisha somo langu moja. Kabla ya kuandika -ni ubaoni, huwauliza wanafunzi ni nani kati yao aliyewahi kuusikia upepo wa kusi. Mikono inayoinuliwa huwa michache. Walimu wenzangu, idadi hiyo iko mikononi mwetu.