Tulirudie lile gari la watu wawili

Juma lililopita niliwapa wanafunzi wangu wa fizikia hapa Rukoki kazi isiyokuwamo katika mtaala. Niliwaambia wachore gari la kutoka hapa hadi Bwera na kurudi siku hiyo hiyo, kwa gharama ndogo iwezekanavyo. Karibu wote walichora Land Cruiser. Siwalaumu, kwani ndilo gari wanaloliona likipita na wakubwa, na katika nchi yetu mtu hupimwa kwa gari lake. Mmoja tu alichora kigari cha viti viwili kilicholala chini kama kobe. Wenzake walimcheka.

Mimi sikucheka. Wazazi wangu walivuka mpaka kuingia Kenya mwaka 1982 nikiwa na umri wa miaka miwili, na masomo yangu yote niliyapata huko uhamishoni. Kila Pasaka, mbio za magari za Safari zilipowadia, baba alitusimulia habari za Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye familia yake ilifukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Mwaka uliofuata Mehta alishinda mbio hizo kwa Datsun 240Z, gari la viti viwili lenye uzito wa tani moja hivi. Yeye na Harry Källström wa Sweden walimaliza wakiwa sawa kwa pointi, Mehta akapewa ushindi. Kwa baba, mkimbizi mwenzake alikuwa amewashinda wote.

Nilipofika umri wa miaka kumi, Kenya ilizindua Nyayo Pioneer, gari lililotengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi baada ya agizo la Rais Moi la mwaka 1986. Shuleni tuliimba kwa furaha, hata sisi wageni. Magari ya majaribio yalikuwa matano tu. Fedha za kiwanda hazikupatikana, na mradi ukafa.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu sisi Waganda tulikuwa na kigari chetu. Novemba 2011 wanafunzi na walimu wa Makerere, wakiongozwa na Profesa Sandy Stevens Tickodri-Togboa, waliendesha Kiira EV, gari la umeme la viti viwili lililoweza kwenda kilomita 80 hivi kabla ya kuchajiwa tena. Baada ya hapo likaja kubwa zaidi mwaka 2014, kisha basi la Kayoola mwaka 2016, na leo habari zote ni za mabasi na kiwanda cha Jinja. Sipingi mabasi. Nchi yenye barabara kama zetu inayahitaji. Lakini kile kigari cha kwanza kimeachwa njiani, na hapo ndipo naona tumekosea.

Gari jepesi ndilo linalomfundisha fundi. Waingereza wa Lotus walitoa Elan mwaka 1962, haikufika kilo 700, na Wajapani wa Mazda wakaifufua fikra hiyo mwaka 1989 kwa MX-5. Wote walifuata hesabu moja: ukipunguza uzito, injini ndogo inatosha, breki ndogo inatosha, hata mfuko mdogo unatosha. Magari ya umeme ya siku hizi yamekwenda kinyume. Betri peke yake inaweza kufika kilo 300 au 400, ndipo gari linahitaji umeme mwingi zaidi ili kulibeba betri lake lenyewe! Ni kama mchukuzi anayelipwa kujibeba.

Mimi ningependa kuona Kiira ya viti viwili ya leo: chini ya kilo 700, iliyoinuliwa kidogo kwa ajili ya mawe yetu, yenye nafasi nyuma ya gunia moja la kahawa (wa Bwera watanielewa). Betri ziwe ndogo, za kubadilishwa kituoni, kama zinavyobadilishwa za pikipiki za umeme kule Kampala.

Wapo watakaosema mwalimu huyu amechanganyikiwa, watoto hawana madawati naye anaota magari ya spoti. Ni hoja nzito, na madawati nayadai kila muhula. Lakini waulizeni wazee wa Kasese shaba ya Kilembe ilikwenda wapi. Reli ilifika hapa mwaka 1956, ikaipeleka Jinja kuyeyushwa, kisha ikasafirishwa ng'ambo. Mabaki ya mgodi yaliachwa hapa yakitia sumu ardhini. Kuanzia mwaka 1999 mabaki hayo yalichujwa kobalti kwa kutumia bakteria, nayo pia ikauzwa nje. Najua zipo betri zisizohitaji kobalti. Shaba, hata hivyo, ni mota chache za umeme zinazoikwepa. Watoto wa wachimbaji wamekaa juu ya madini ya magari ya kesho, na kazi inayowangoja ni kuendesha boda boda iliyoundwa kwingine.

Kiira Motors na Makerere wangeweza kutoa michoro ya gari lile la 2011 kwa shule za sekondari na vyuo vya ufundi, kila wilaya ijenge lake, kisha yashindanishwe. Gari la kilo 700 laweza kuungwa katika karakana ya shule. Basi haliwezi.

Yule aliyechora kobe alibaki darasani baada ya kengele. Alikuwa amepiga hesabu: kwenda Bwera ni kama kilomita 60, kurudi 60, na gari la 2011 lilikwenda 80.

“Mwalimu,” aliniuliza, “betri likiisha njiani wakati wa kurudi, litachajiwa wapi?”

Nilimwambia achore kituo.