Mteja akikukosa kwenye simu, ujumbe wake unabaki wapi?

KATIKA biashara ya mazao, saa moja inaweza kutenganisha faida na hasara. Mnunuzi wa nyanya aliye soko la Ilala, Dar es Salaam, akimpigia mkulima wa Ilula mkoani Iringa asubuhi na asimpate, hatasubiri mpaka jioni. Lori lipo, dereva anataka kuondoka, kwa hiyo atapiga namba inayofuata. Nyanya zilizoiva nazo hazina subira.

Mkulima huyo hana kosa kubwa. Pengine yuko shambani na simu ameiacha nyumbani ikichajiwa. Muuza duka la pembejeo naye anaweza kuwa anahudumia wateja watatu kwa wakati mmoja. Hakuna mfanyabiashara anayepokea kila simu. Swali la kujiuliza ni hili: mteja anapokukosa, ujumbe wake unabaki wapi, na nani ataushughulikia?

Kwa mfanyabiashara mdogo majibu yaliyo karibu ni mawili. La kwanza ni sanduku la sauti la kampuni ya simu, lile ambalo wengi wanaliita voisimeli. La pili ni WhatsApp Business, programu ya WhatsApp iliyotengenezwa kwa ajili ya wafanyabiashara na kutolewa Januari 2018. Kwa maoni yangu, mkulima na mfanyabiashara mdogo wa leo achague la pili, lakini asilitegemee peke yake.

Tuanze na sanduku la sauti. Teknolojia hii ni ya siku nyingi. Gordon Matthews wa Dallas, Marekani, alipata hataza ya mfumo wa kutunza ujumbe wa sauti mwaka 1983, na kampuni kubwa ya 3M ilikuwa miongoni mwa wateja wake wa kwanza. Ulikuwa mfumo wa ofisi, mahali ambapo mwajiri ndiye analipa gharama za simu na kila mfanyakazi ana meza yake.

Kwetu hali ni tofauti. Mteja wetu hupiga kwa vocha yake mwenyewe. Simu isipopokelewa halipi kitu, na ndiyo maana tulijifunza kubipu. Sanduku la sauti likishaitikia, simu huhesabiwa kuwa imepokelewa na salio linaanza kupungua. Mteja anayejua hilo hukata haraka kabla hajasema neno. Kwa maneno mengine, huduma iliyokusudiwa kumsaidia mteja inamtoza kwa sababu tu wewe hukupatikana.

Aidha, ujumbe wa sauti una ugumu katika kuutumia. Ukiwa na ujumbe kumi, itakubidi uusikilize mmoja baada ya mwingine ndipo umpate aliyetaka matenga thelathini. Bei na idadi zikitajwa kwa haraka barabarani, huna pa kuzihakiki ila kusikiliza upya.

Hata hivyo, tusilidharau. Sanduku la sauti linafanya kazi na simu yoyote, hata kitochi, wala halihitaji kifurushi cha intaneti. Simu ikizimika chaji, ujumbe hupokelewa na mitambo ya kampuni ya simu. Mtu asiyejua kuandika vizuri anaweza kueleza shida yake kwa kinywa chake.

Sasa tuitazame WhatsApp Business. Programu yenyewe hailipiwi, unachogharimia ni intaneti. Mteja anaweza kuandika, kurekodi sauti, au kutuma picha ya jani la mahindi lililoliwa na viwavi ili muuza pembejeo aone kabla ya kushauri dawa. Unaweza kuweka orodha ya bidhaa na bei, saa za kazi, majibu ya haraka kwa maswali yanayojirudia, na alama za kutenganisha aliyeagiza na aliyekwisha kulipa. Tena namba moja inaweza kufunguliwa kwenye vifaa vingine hadi vinne, kwa hiyo mke, mume au msaidizi wa dukani anaona ujumbe uleule.

Faida kubwa kuliko zote ni kumbukumbu. Mteja akiandika "matenga 30, Alhamisi", maneno hayo yanabaki na tarehe yake. Ukitokea ubishi juu ya bei au idadi, mnafungua na kusoma pamoja.

Lakini ipo kasoro ambayo wengi hawaijui. Jibu la moja kwa moja la kumwambia mteja kwamba haupo, halitumwi kama simu yako haina intaneti. Kifurushi kikiisha, mteja anaona kimya tu, na kimya mbele ya mnunuzi ni sawa na kukataa. Kasoro nyingine ni kwamba wapo wakulima wengi wenye kitochi, na ukisema "niandikie WhatsApp tu" umewafungia mlango.

Halafu mtandao wenyewe hukatika. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp ilizimika duniani kwa takribani saa sita. Mei 2024 nyaya za baharini zilipopata hitilafu, intaneti ilidorora Tanzania, Kenya na nchi jirani. Oktoba 2025, wakati wa uchaggi mkuu, intaneti ilizimwa Tanzania kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na namba za wateja wake kwenye WhatsApp pekee alibaki mikono mitupu.

Wala tusidhani kwamba mfumo wa kampuni kubwa ni wa kudumu. Microsoft iliweka huduma ya kuunganisha ujumbe wa sauti na barua pepe katika programu yake ya Exchange toleo la 2007, kisha ikaiondoa katika toleo la 2019. Ofisi zilizoitegemea zililazimika kutafuta njia nyingine. Kama wenye fedha na mafundi walipatwa na hayo, mwenye kibanda cha mbegu ana sababu zaidi ya kujihadhari.

Kwa mantiki hiyo, ushauri wangu ni huu. Kwanza, tenga laini ya biashara na isajiliwe kwa jina lako mwenyewe. Laini zetu husajiliwa kwa alama za vidole. Ukitumia laini ya kijana wa dukani, siku akiondoka anaondoka na wateja wako wote, na kisheria hutakuwa na la kusema.

Pili, fungua WhatsApp Business kwa laini hiyo, na uweke namba ya siri ya tarakimu sita ya kuilinda. Mtu yeyote akikupigia akitaka umtajie tarakimu ulizotumiwa kwa ujumbe mfupi, usimpe, awe amejitambulisha kwa cheo gani. Aidha, washa utunzaji wa nakala za ujumbe, maana simu huibiwa.

Tatu, acha mlango wa simu ya kawaida na ujumbe mfupi wazi. Andika kwenye bango la duka maneno mepesi: "Usipotupata, bipu, tutakupigia." Kisha timiza ahadi hiyo. Gharama ya kumpigia mteja ni ndogo kuliko ya kumpoteza.

Nne, waombe wateja waandike idadi, bei na siku. Sauti iwe ya maelezo. Ujumbe wa sauti wa dakika tatu kwenye WhatsApp una ugumu uleule wa sanduku la zamani.

Tano, na hili ndilo wengi tunalikwepa, kila siku kabla ya kufunga, mtu mmoja anayejulikana apitie simu zilizokosewa, ujumbe mfupi na WhatsApp, kisha aandike kwenye daftari jina, namba, anachotaka na kama amejibiwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Oda nayo ni mali, japo fedha yake bado iko mfukoni kwa mteja.

Ndugu msomaji, hakuna programu itakayokurudishia mnunuzi aliyekwisha kupakia nyanya za jirani. Inaweza tu kukuonyesha kwamba alikutafuta. Kumjibu kabla lori halijaondoka ni kazi yako.