Mgeni wa Wiki Sita Si Msafiri

Shukrani zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, si ajabu siku hizi kuikuta familia yenye jamaa aliyewahi kupelekwa India kutibiwa. Ukoo huchanga fedha, humwombea mgonjwa dua, humteua wa kumsindikiza, kisha huona wajibu wake umekwisha. Lakini matibabu mengine huchukua wiki nyingi, na muda wote huo yupo mtu anayelala, kupika, kufua na kuswali katika mji asioujua. Huyo muuguzi ndiye tunayemkusudia leo.

Mara nyingi tunasikia ikisemwa: "Sisi ni wapita njia, ya nini kununua sufuria?" Kauli hii ina sura ya kubana matumizi, nayo ndiyo inayomaliza fedha. Asiyenunua sufuria hununua chakula mara tatu kwa siku. Asiyejifunza njia hulipa nauli ya mgeni kila asubuhi. Asiyejuana na jirani humtegemea dalali kwa kila jambo. Kilichochangwa kwa ajili ya dawa huishia huko.

Sheria yetu imekwisha kulitazama jambo hili. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, hana tena ruhusa ya kupunguza swala. Kwa Imamu Abu Hanifa muda huo ni siku kumi na tano. Anayengoja haja asiyojua itakwisha lini ana hukumu yake, naye amuulize mwanachuoni. Ama aliyekwisha kuambiwa na daktari kwamba atakaa wiki sita, huyo ni mkazi. Wazee wetu nao walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Basi na aishi kama mkazi. Tuchukue mfano wa Chennai, mji ulioitwa Madras hadi mwaka 1996. Lugha ya wenyeji ni Kitamil, hivyo Kihindi cha filamu hakimfikishi mtu mbali. Maneno kumi ya sokoni yatamfaa zaidi. Wali na dengu vinapatikana kila mahali, na unga wa ulezi pia, hivyo mgonjwa hatakosa uji aliouzoea. Katika mtaa wa Triplicane upo Msikiti wa Wallajah, uliojengwa mwaka 1795. Asishangae akisikia adhana ya Alasiri ikichelewa: Waislamu wengi wa India ni Mahanafi, na kwao Alasiri huingia kivuli kinapofika mara mbili ya kimo cha kitu. Ijumaa inamlazimu mwanamume mkazi wa muda, isipokuwa mgonjwa wake hana mwingine wa kumwangalia.

Tunakumbuka habari ya Abdurrahman bin Auf (r.a.) alipohamia Madina. Saad bin Rabii (r.a.) alimtolea nusu ya mali yake, naye akamwombea baraka, kisha akataka aonyeshwe soko lilipo. Ugeni haukumfanya akae akingoja kuletewa.

Nasi tuliobaki nyumbani tuna haki za kutimiza. Katika mchango tutenge fungu la jiko, vyombo na nauli. Safari ikiwa ndefu, tupange wa kumpokea zamu muuguzi, kwani naye huchoka na hulia peke yake. Tukimpigia simu, tukumbuke kwamba saa nne usiku ya Dar es Salaam ni saa sita na nusu usiku kule. Na tusimuulize hali ya mgonjwa tu. Tumuulize na yeye amekula nini.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na awalipe kheri wanaowauguza. Amin.